Kiti cha Askofu Kinapohama

Tarehe 21 Juni 1960 Mkatoliki wa Ngara aliyezoea kujitambulisha kuwa mtu wa Jimbo la Bukoba aligeuka kuwa mtu wa Jimbo la Rulenge. Hakuhama, hakuhamishwa, wala hakuna aliyemuuliza. Siku hiyohiyo Mkatoliki wa Rutabo, upande wa Kamachumu katika wilaya ya Muleba ya leo, ambaye jimbo lake lilikuwa likiitwa kwa jina la kwao, akawa mtu wa Jimbo la Bukoba. Roma ilikuwa imetoa karatasi, na karatasi ya Roma haina haraka ya kujieleza kijijini.

Kwa hiyo jimbo linaloitwa Bukoba hivi leo, ukilifuatia nasaba yake, halitokani na ile Bukoba iliyoundwa mwaka 1929. Linatokana na Rutabo, iliyoanzishwa Desemba 1951. Bukoba ya 1929 ndiyo iliyokuja kuitwa Rulenge. Mdogo amerithishwa jina la mkubwa, na mkubwa amebatizwa upya uzeeni. Waandishi wa vitabu vya jubilei hulipita jambo hili kwa sentensi moja iliyonyooka, kisha huendelea na orodha ya maparokia na mabati. Mimi naona hapo ndipo pa kuketi.

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na mtu ambaye angeketi hapo kwa furaha. Anthony Trollope, aliyezaliwa 1815 na kufa 1882, alikuwa mfanyakazi wa Posta. Kazi yake ilimzungusha vijijini kukagua njia za barua, na katika mizunguko hiyo aliona namna mji mdogo wenye kanisa kubwa unavyoishi: nani amekaribishwa chai kwa askofu, nani amenyimwa usharika wenye kipato kizuri, nani anamwandikia nani barua ya heshima iliyojaa sumu. Mwaka 1855 akatoa The Warden, riwaya fupi juu ya padri mzee wa Kianglikana anayelipwa vizuri kwa kazi ndogo na anayeanza kuona haya. Mwaka 1857 ikafuata Barchester Towers. Hiyo inaanza na askofu aliyelala kufani huku mwanawe, ambaye ni kasisi mkubwa, akihesabu siku: baba akifa kabla serikali haijaanguka, mtoto atapewa kiti, serikali ikianguka kwanza, kiti kitakwenda kwa mwingine. Mwana anapiga magoti kando ya kitanda na kuomba asamehewe kwa hesabu hizo. Serikali inaanguka, na kiti kinakwenda kwa mwingine.

Trollope aliandika riwaya 47, na sita kati yake zimekaa katika mkoa wa kubuni wa Barset, ule wenye mji wa Barchester. Hakuikejeli imani ya mtu. Alichokicheka ni ofisi za imani, yaani kiti, nyumba, cheo, mpaka wa parokia, na mke wa askofu anayeongoza jimbo kutoka sebuleni. Buhaya, nchi ya Wahaya wa Bukoba, nayo imekuwa na ofisi hizo tangu 1892, na ni tajiri wa visa kuliko Barset. Kilichokosekana ni mtu wa kuviandika kwa jicho hilo. Na hata mtu mwenyewe hakukosekana kabisa: aliishi Rubya miaka kumi. Nitamfikia.

Mwaka 1892 ulianza vibaya kwa Jean-Joseph Hirth. Alikuwa askofu wa Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao, na makao yake yalikuwa Buganda, karibu na kasri la Kabaka Mwanga. Huko Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti waliitwa Waingereza, hata kama mtu alikuwa Mganda aliyezaliwa Mengo na hajawahi kuona bahari. Tarehe 24 Januari Wafaransa hao na Waingereza hao walipigana. Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, alikuwa na bunduki ya Maxim, naye alikuwa upande wa Waingereza. Hirth akakimbilia kisiwani pamoja na Kabaka, kisha akashuka kusini kwa mtumbwi hadi Bukoba, ambako Emin Pasha alikuwa amejenga ngome ya Wajerumani mwaka 1890.

Hapa mchezo unaanza. Hirth alitoka Alsace. Alipozaliwa, mwaka 1854, kijiji chao kilikuwa Ufaransa. Baada ya vita vya 1870 na 1871 kikawa ndani ya mpaka wa Ujerumani bila kusogea hata hatua. Mtu huyu aliyefukuzwa Buganda kwa kuitwa Mfaransa sasa alifika kwa Wajerumani akiwa mkuu wa shirika la Kifaransa, akizungumza Kijerumani na akifuatwa na Waganda wakimbizi. Maofisa wa ngome walimpokea kwa adabu na kumwangalia kwa makini. Mwishoni mwa mwaka huo akapata mahali Kashozi, kaskazini ya mji, na misheni ikaitwa Marienberg, jina la Kijerumani safi, jambo ambalo halikuharibu uhusiano na ngome hata kidogo.

Kashozi ndiyo mama wa makanisa yote ya Kikatoliki ya magharibi ya ziwa, na Wakashozi hawajawahi kumwacha mtu alisahau hilo. Lakini dini iliyofika hapo ilikuja kwa Luganda. Makatekista wa kwanza walikuwa Waganda, sala zilikuwa za Luganda, vitabu vilikuwa vya Luganda. Mhaya wa Kiziba au Bugabo aliyetaka kuwa msomi wa dini alilazimika kwanza ajifanye nusu Mganda, na wapo waliorudi kutoka Buganda wakiwa na lafudhi ambayo baba zao waliiona ni majivuno. Abakama, watawala wa jadi, nao waliangalia. Dini iliyosema mke mmoja haikuwa rahisi kwa Omukama ambaye ndoa zake zilikuwa ndiyo siasa yake. Wengi wao walipeleka watoto shule ya misheni, wao wenyewe wakabaki barazani wakitafuna kahawa na kuwapa mapadri ardhi kwa hesabu zao wenyewe. Padri mwenye kilima akawa jirani wa Omukama, na ujirani huo ulikuwa na mipaka, migomba na watumishi wa kugombania.

Hirth alikuwa na jambo moja ambalo hakuliachia: mapadri Waafrika. Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo Algeria mwaka 1868, aliwataka wanawe wajifunze lugha na mila za wenyeji. Hirth alikwenda mbali zaidi, akataka wenyeji wajifunze Kilatini. Mwanzoni mwa karne ya 20 seminari ikakaa Rubya, katika Ihangiro, Muleba ya leo, mahali pa migomba na mvua. Wamisionari wenzake walinung'unika kwamba askofu anatumia nguvu nyingi kwa wavulana wachache wanaotamka Kilatini huku vituo vya Rwanda, ambavyo pia vilikuwa chini yake, vikimwona kwa nadra. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Rubya ilikuwa mbali na kila kitu, na kijana aliyeingia huko aliingia kwa miaka isiyopungua kumi, na wengi walitoka njiani.

Wavulana walitoka pande zote za ziwa. Balthazar Gafuku na Donat Leberaho, waliokuja kuwa mapadri wa kwanza wa Rwanda, walianzia Rubya. Kutoka Ukerewe walikuja Celestine Kipanda na Angelo Mwirabure; kutoka Bukoba walikuwapo Oscar Kyakaraba na Wilibald Mupapi. Na mwaka 1909, akiwa na miaka 13, akaja mvulana wa ukoo wa watemi wa Ukerewe aliyeitwa Aniceti Kitereza. Alisoma Kilatini, Kigiriki na Kijerumani, akaishi kwa kengele, akawajua mapadri wa Ulaya kwa karibu kuliko karibu kila Mwafrika wa zama zake: tabia zao, ugomvi wao mdogo mezani, hofu yao ya askofu. Ukitaka kumfundisha mtu kuandika juu ya makasisi, huwezi kumpa shule bora.

Vita vikaja. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa, wakaishambulia Bukoba, wakaipora na kuondoka, na mwaka uliofuata mji ukatoka mikononi mwa Wajerumani moja kwa moja. Bahati ya Wakatoliki ilikuwa kwamba tangu 1912 askofu wao hakuwa Hirth tena. Hirth alikuwa amehamishiwa jimbo jipya la Kivu, na nafasi yake ilishikwa na Joseph Sweens, Mholanzi, na Uholanzi haikuwa upande wowote katika vita. Ni nadra uraia wa mtu kulisaidia jimbo kiasi hicho. Tarehe 15 Agosti 1917, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, Sweens aliwapa upadri Kipanda, Mwirabure, Kyakaraba na Mupapi hukohuko Rubya. Ndio mapadri wa kwanza wazalendo wa nchi hii. Serikali ilikuwa inabadilika, na seminari ikaendelea na Kilatini chake.

Waprotestanti hawakuwa na bahati hiyo, na habari yao, nakiri, ndiyo inayochekesha zaidi.

Walianza wenyewe. Kabla mmisionari yeyote wa Kiprotestanti hajakaa Bukoba, Wahaya waliotembea Buganda walirudi na Injili ya Luganda na kuisoma usiku kwa vikundi, kwa sababu kusoma mchana kulileta maswali. Mmoja wa watu hao wa mwanzo alikuwa Isaya Kibira, tutamwona mwanawe. Dini waliyoijua ilikuwa ya Kianglikana: askofu, kanzu nyeupe, kitabu cha sala. Mwaka 1910 Wajerumani wa Bethel wakafika, wakiongozwa na Ernst Johanssen, mchungaji mwenye uzoefu wa Rwanda na Usambara. Bethel ilitoka katika kanisa la Kiprusia lililounganisha Walutheri na Wareformati, na halikuwa na desturi ya maaskofu. Vita vikawaondoa Wabethel. Waanglikana wa Uganda wakatoa msaada kutoka ng'ambo ya mpaka. Kisha katika miaka ya 1920 wakaletwa Wamethodisti wa Kiwesley kutoka Afrika Kusini, ambao nao hawakuwa na maaskofu, na ambao Wahaya wengi hawakuwa wamewaomba. Baadhi ya Wakristo waliwakataa waziwazi. Kisha Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, Wamethodisti wakafunga mizigo. Vita vya pili vikawaondoa Wajerumani tena, na mwaka 1942 wakaja Waswidi, ambao kwao askofu ni jambo la fahari lenye mnyororo wa mamia ya miaka.

Fikiria mzee wa usharika wa Kigarama au Kanyangereko ambaye hajabadili dini hata mara moja. Katika maisha yake ameongozwa na Waanglikana, Wabethel, Wamethodisti, Wabethel tena, na Waswidi. Amefundishwa kwamba askofu ni lazima, kwamba askofu si lazima, kwamba askofu ni hatari kidogo, na mwisho kwamba askofu ni lazima tena. Kila kundi lilikuja na barua za kueleza kwa nini lililotangulia lilifanya vizuri lakini halikukamilisha. Carl Hellberg aliyachunguza haya katika kitabu chake cha 1965 juu ya misheni za magharibi ya Ziwa Victoria. Ni kitabu cha kitaalamu, na ukikisoma kwa subira utacheka.

Katikati ya mapadri na wachungaji hao walikuwapo wenyeji waliojua kuwatumia. Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba, Mkatoliki, aliwatumikia Wajerumani, akawatumikia Waingereza, akawa katibu wa baraza la Abakama, na pembeni akaandika Amakuru ga Kiziba, historia ya kwao iliyochapwa mwaka 1949. Serikali zilipita, yeye akabaki na funguo. Barchester imejaa watu wa namna hiyo, ila hakuna hata mmoja aliyeacha kitabu. Klemens Kiiza naye, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Wahaya mwaka 1924 na baadaye mtetezi wa wakulima wa kahawa, ni wa kizazi hichohicho kilichosomeshwa na misheni kikaanza kuuliza bei. Walimu wao walitarajia makarani wanyenyekevu. Walichopata mwaka 1937 ni vurugu za wakulima waliozikataa kanuni za serikali juu ya mibuni yao.

Sasa mke wa askofu. Katika Barchester, Bibi Proudie ndiye anayetawala jimbo, na Trollope alikuja kumuua baada ya kuwasikia makasisi wawili klabuni wakilalamika kwamba wamemchoka. Askofu wa Kikatoliki hana Bibi Proudie, lakini asidhani mtu kwamba wanawake hawakuitikisa misheni. Tangu mapema wasichana walikuwa wakikimbilia Kashozi na vituo vingine kukwepa kuozwa wasikotaka. Baba akija kumdai bintiye, padri yu katika mashaka: akimtoa amevunja ahadi ya hifadhi, akimkatalia ameukasirisha ukoo mzima na Omukama wao, na pengine amepoteza kilima. Wengine walibaki misheni bila kuolewa, wakafundisha katekisimu, wakaishi kwa nidhamu kabla Roma haijawapa jina. Burchard Huwiler, Mswisi aliyeongoza Bukoba kuanzia 1929 hadi 1946, ndiye aliyeanzisha shirika la Masista wa Mtakatifu Teresia. Lakini ukisoma utafiti wa Birgitta Larsson wa mwaka 1991 juu ya wanawake na kanisa katika mkoa huu, unaona kwamba wanawake walitangulia na askofu akafuata na kanuni.

Huwiler aliondoka, akaja Laurent Tétrault, Mkanada. Kufikia hapo Bukoba ilikuwa na mapadri wazalendo wengi na wazuri, na swali halikuweza kukwepwa: lini mmoja wao atakuwa askofu? Ng'ambo ya mpaka, Masaka, Joseph Kiwánuka alikuwa askofu tangu 1939. Roma ikajibu kwa namna yake. Haikumwondoa askofu wa kizungu na kumweka mwenyeji juu ya Bukoba nzima. Tarehe 13 Desemba 1951 ilikata kipande cha Bukoba, ikakiita Kagera ya Chini, ikakiachia mapadri wenyeji, na ikamweka juu yake Laurean Rugambwa. Alikuwa na miaka 39. Alikuwa amebatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, akapita Rubya na Katigondo ya Uganda, akapewa upadri mwaka 1943, na alikuwa ametoka masomoni Roma. Mji wa Bukoba pamoja na eneo kubwa la magharibi vikabaki kwa Wakanada. Alfred Lanctôt akawa askofu wake mwaka 1952. Mwaka uliofuata yote mawili yakawa majimbo kamili, na lile la Rugambwa likaitwa Rutabo.

Mtu mwenye nia njema angesema Roma ilikuwa inajaribu kwa uangalifu. Mimi nasema Roma iliwapa Wahaya askofu na ikauacha mji. Rutabo si mahali pa dharau. Ni nyumbani kwa askofu mwenyewe, na hewa yake ni bora kuliko ya pwani ya ziwa. Lakini hapakuwa na boma wala bandari, na kuwa na maaskofu wawili ndani ya Buhaya, mmoja Mzungu mjini na mmoja Mhaya kilimani, kulikuwa na maana ambayo kila mtu sokoni aliielewa bila kuelezwa.

Kisha Machi 1960 Papa Yohane wa 23 akatangaza makardinali wapya, na kati yao yumo askofu wa Rutabo. Mtu wa miaka 47, kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi katika nyakati hizi, jimbo lake linaitwa kwa jina ambalo maofisa wengi wa Dar es Salaam hawakuwahi kulisikia. Alivishwa cheo tarehe 28 Machi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 21 Juni, Rutabo ikaitwa Bukoba na Bukoba ikaitwa Rulenge, Lanctôt akahamishia kiti chake Rulenge, Ngara, na kardinali akashuka mjini. Mji ambao mwaka 1951 ulidhaniwa haumfai Mhaya, mwaka 1960 ulionekana haumfai mwingine. Mtu anaweza kuniambia miezi hiyo mitatu ni sadfa tu. Sitabishana naye sana.

Rugambwa hakukaa jimboni kama mtu wa pembeni. Alihudhuria Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, akashiriki kumchagua papa mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Desemba 1968 akahamishiwa Dar es Salaam kuwa askofu mkuu. Na hapo Bukoba ikapata sura yake iliyo karibu zaidi na Trollope, ingawa haina kicheko ndani yake. Aliyerithi kiti mwaka 1969 alikuwa Gervasius Nkalanga, msaidizi wake wa siku nyingi. Mwaka 1973 Nkalanga akajiuzulu uaskofu, akaenda kuwa mmonaki Mbenedikti, akachukua jina la Placidus, na akaishi Hanga, Ruvuma, chini ya utii wa abate. Shujaa wa The Warden anaacha nafasi nono kwa sababu dhamiri haimruhusu, na Waingereza wamemsoma kwa zaidi ya miaka 160. Sisi tunaye wa kweli, aliyeacha kiti cha kardinali akashika zamu ya kwaya, na vitabu vya jubilei vimempa tarehe mbili na nukta. Baada yake Nestor Timanywa alikaa kitini hadi 2013.

Walutheri nao walikuwa na la kwao. Mwaka 1961 kanisa lao la Buhaya lilimpata askofu wa kwanza, Bengt Sundkler, Mswidi, profesa wa Uppsala aliyefanya kazi Bukoba miaka ya vita. Alikuwa tayari amejulikana duniani kwa kitabu chake cha 1948 juu ya manabii wa Kiafrika wa Afrika Kusini. Profesa akiwa askofu wa wakulima wa migomba lingeweza kuwa jambo la kuchekesha. Sundkler alilifanya liwe fupi. Mwaka 1964 akampisha Josiah Kibira, mtoto wa yule Isaya, akarudi kwenye vitabu vyake, na baadaye akaandika Bara Bukoba, ambacho mpaka leo ndicho kitabu kinachosikia sauti za watu wa mkoa huu vizuri kuliko vingine. Kibira alikuwa mtu wa uamsho, wa wale Walokole waliotubu hadharani na kuwataja mabwana wakubwa kwa dhambi zao, jambo lililowaudhi wachungaji wengi waheshimiwa. Mwaka 1977, mkutano ukifanyika Dar es Salaam, alichaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza.

Kwa hiyo mkoa mmoja, ambao mtu aliye Dar es Salaam aliufikia kwa treni na meli kwa siku kadhaa, ulitoa kardinali wa kwanza Mwafrika na rais wa kwanza Mwafrika wa Walutheri wa dunia ndani ya miaka 17. Watu wa Barset hawakuwahi kuota hivyo. Wao walimaliza nguvu zao kugombea udekani.

Rugambwa alistaafu mwaka 1992 na kufa Desemba 1997. Hata mautini kiti kilimhangaisha. Kanisa kuu la Bukoba lilikuwa katika ukarabati, hivyo akazikwa kwa muda katika kanisa dogo mkoani, na muda huo ukawa karibu miaka 15. Tarehe 6 Oktoba 2012 ndipo alipoletwa Bukoba kuzikwa ndani ya kanisa kuu.

Narudi kwa yule mvulana wa Ukerewe. Kitereza aliondoka Rubya mwaka 1919 bila upadri, akamwoa Anna Katura, akawa katekista na karani. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya ndefu kwa Kikerewe juu ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke wasio na mtoto. Ni habari ya maisha ya wilayani kwa undani ambao Trollope angeuonea wivu: ugomvi wa wakwe, pombe, dawa, mashamba, uvuvi, adabu ya kupiga hodi. Kitabu kina vichekesho kila mahali. Lakini hakina padri hata mmoja, kwa maana aliiweka hadithi yake kabla mapadri hawajafika. Padri Almas Simard, Mkanada, alimtia moyo na kujaribu kumtafutia mchapishaji, akafa mwaka 1954 bila kufanikiwa. Kitereza akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kikiwa na tarehe ya 1980. Mwandishi alikufa mwaka 1981, na wasimulizi wa maisha yake husema nakala zilifika akiwa amekwisha kuzikwa.

Mtu aliyeishi miaka kumi ndani ya seminari, aliyekuwa mwanafunzi wa Rubya mapadri wanne wa kwanza walipopewa daraja, ambaye kwa miaka mingi alikula kwa kazi za misheni, aliamua kuandika juu ya nchi ambayo misheni haikuwamo. Simlaumu. Alitaka kuokoa kilichokuwa kinapotea, na mapadri hawakuwa wanapotea. Wala haikuwa salama kwa katekista kumcheka paroko wake kwa maandishi. Hata kizazi baadaye Euphrase Kezilahabi, Mkerewe mwenzake aliyesomea seminari ya Nyegezi, alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Lakini upungufu umebaki: tuna historia za kanisa zilizoandikwa na makasisi kwa makasisi, na tuna riwaya za kijiji ambamo kasisi ama ni mtakatifu ama ni mnafiki. Kasisi wa kawaida, mwenye busara Jumatatu na kijicho Jumanne, anayegombea mpaka wa parokia huku anazika watu kwa machozi ya kweli, hatujampata.

Malighafi ipo. Mapadri Weupe walikuwa na sheria kwamba kila kituo kiandike shajara ya kila siku, na humo mna mvua, safari za askofu, ugomvi wa mpishi na wavulana walioiba ndizi. Walutheri wana barua. Na wapo wazee wa Kashozi, Bunena, Kagondo, Rubya, Rutabo na Ndolage wanaokumbuka mambo ambayo hakuna shajara iliyoyaandika: nani alikataa kumsalimia nani baada ya ibada, gari la nani lilikwama likielekea kwa nani, ni familia gani ilijenga karibu na kanisa ikitarajia kiti kitakuja kwao, kikaenda kwingine. Wewe msomaji mwenye babu au bibi katika vilima hivyo, na hasa wewe uliyepita seminari na kutoka, chukua daftari uwaulize mwaka huu, kisha uandike bila kuwaogopa na bila kuwavunjia heshima. Wakikuambia jambo hilo si la kuandikwa, waitu, hilo ndilo la kuanza nalo.